Kocha, tathmini ya pande zote au kikundi cha wenza? Njia za kiongozi wa biashara Mombasa kuyajua asiyoyaona

Mwenye biashara Mombasa haambiwi ukweli kirahisi, na sababu yake kubwa ni muhali. Karani aliyeajiriwa kwa kuwa mamake ni jirani wa miaka mingi wa mamake bosi, meneja aliyeoa katika ukoo huo huo, dereva aliyekopeshwa karo ya mtoto mwezi wa Januari: kila mmoja ana sababu njema ya kunyamaza tajiri anapokosea. Basi yanayozungumzwa wazi kwenye foleni ya feri ya Likoni, au kwenye grupu la WhatsApp ambalo bosi hayumo, yeye ndiye wa mwisho kuyasikia. Mara nyingi huanza kuyashuku siku mtu mzuri anapoacha kazi, na hata siku hiyo huambiwa sababu nyingine.

Zipo njia kadhaa za kuuvunja ukimya huo. Kubwa ni tatu: tathmini ya pande zote, ambapo walio karibu nawe kazini wanajibu maswali kukuhusu; kocha wa uongozi wa ana kwa ana; na kikundi cha viongozi wenza wa biashara nyingine. Zote huuzwa kwa maneno yale yale: kujitambua, kukua, uongozi bora. Lakini hazifanyi kazi moja. Aliyehitaji tathmini akalipia kocha anaweza kumaliza miezi mitatu akijadili picha aliyojichorea mwenyewe. Aliyehitaji kocha akalipia tathmini atapata ripoti nzuri itakayolala kwenye droo. Hasara zote mbili zinaepukika ukijua kila njia inatoa nini, inataka nini kwako, na huharibikia wapi.

## Kwanza uliza: jambo hili linajulikana na nani?

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walichora dirisha la vyumba vinne ambalo makocha hulitumia mpaka leo; huitwa dirisha la Johari. Chumba cha kwanza kina mambo yako unayoyajua wewe na wengine pia. Cha pili kina yale wanayoyajua wengine, wewe huyajui. Cha tatu kina unayoyajua wewe na kuwaficha wengine. Cha nne kina yale ambayo bado hayajajulikana na yeyote.

Ya chumba cha pili tayari yamo midomoni mwa watu. Kinachokosekana ni njia salama ya kuyatoa, na hiyo ndiyo kazi ya tathmini ya pande zote. Ya chumba cha tatu, mathalani kwamba unaogopa kumpa mtoto wa nduguyo barua ya onyo na unajua fika kwamba unaogopa, yanataka mtu wa faragha, yaani kocha. Ya chumba cha nne, kama vile dhana kuhusu soko ambayo kampuni nzima imeiamini kwa miaka, hayatatoka ndani ya kampuni hata ukihoji watu wote. Hayo huonwa na watu wa biashara nyingine.

Kuna hali moja zaidi ambayo dirisha haliionyeshi vizuri, na ndiyo tunayoikuta sana kwa viongozi wenye umri: jambo umeshaambiwa, na mkeo au mumeo, na mshirika wako, na meneja wa zamani. Umelikubali. Na bado hulibadilishi. Kukusanya maoni mengine juu ya jambo hilo ni kupoteza pesa.

| | Tathmini ya pande zote | Kocha | Kikundi cha wenza |
|---|---|---|---|
| Hufichua nini | Tabia ambayo walio karibu nawe wanaiona kila siku | Kinachokufanya urudie tabia unayoijua | Dhana za kibiashara zisizo na mpinzani ndani ya kampuni |
| Muda | Wiki 4 hadi 6, kisha marudio mafupi baada ya miezi 6 | Vikao 6 hadi 12, kila wiki 2 au 3 | Saa 3 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja au zaidi |
| Gharama iko wapi | Kuandaa maswali, kukusanya na kuchambua | Saa za kocha | Muda wako na chumba cha kukutania |
| Huharibikia wapi | Bosi akianza kumsaka aliyesema | Kocha akisikia upande mmoja tu | Wanachama wakiwa washindani au wakidaiana |
| Usiianze kama | Huna nia ya kubadilisha lolote ndani ya miezi 6 | Huna taarifa yoyote kutoka kwa wengine | Tatizo lako ni namna unavyosema na watu wako |

## Tathmini ya pande zote

Kwa ufupi, watu wanaokuzunguka, juu, pembeni na chini, wanajibu maswali yale yale kuhusu tabia zako za kazini, nawe unajibu hayo hayo kujihusu. Kinachotafutwa hasa ni pengo baina ya majibu yako na yao. Kwenye kipimo cha 1 hadi 5, pengo la alama 1 au zaidi kwenye swali lile lile ndipo pa kuanzia mazungumzo. Wastani wa jumla hauna maana kubwa, japo ndio watu wanaoukimbilia kwanza.

Watu 8 hadi 12 wanatosha: mshirika au mwenyekiti wa bodi mmoja, wenzako wa ngazi yako watatu hadi watano, walio chini yako wanne hadi sita. Wateja wawili watatu wanaweza kuongezwa ikiwa unashughulika nao mwenyewe. Usiwachague wote wewe. Wewe pendekeza, na anayeendesha tathmini aongeze angalau watatu ambao hukuwataja, kwa sababu bosi akiachiwa orodha peke yake huwachagua wale wanaocheka naye.

Maswali yawe 25 hadi 40, na kila moja liwe juu ya kitu kinachoonekana kwa macho au kusikika. "Kiongozi ana maono" halijibiki. Mtu atatia alama ya heshima tu. "Nikimletea habari mbaya, hunisikiliza hadi mwisho kabla ya kujibu" linajibika. Vivyo hivyo "akibadilisha uamuzi, hutueleza sababu," au "humgombeza mtu mbele ya wateja." Malizia kwa maswali matatu ya kuandika: aendelee kufanya nini, aache nini, aanze nini. Fomu nzima isimchukue mtu zaidi ya dakika 20.

Lugha ndiyo inayoharibu tathmini nyingi za hapa. Fomu hununuliwa ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza cha vitabuni, ikapelekwa kama ilivyo kwa msimamizi wa yadi kule Changamwe au mpishi mkuu wa hoteli ya Bamburi. Atafanya nini? Atatia 4 kutoka juu hadi chini na kuacha nafasi za kuandika zikiwa tupu. Ukiona safu ya 4 na 5 zisizo na hata sentensi moja, usifurahi: hiyo ni sura ya woga au ya kutoelewa. Waliozoea Kiingereza wapewe cha Kiingereza, wengine wapewe Kiswahili, na madereva na watu wa yadi waulizwe kwa mdomo au kwa simu na mtu wa nje.

Usiri unalindwa kwa hesabu. Kundi lenye majibu chini ya 3 lisionyeshwe peke yake. Liunganishwe na jingine. Majibu ya kuandika yapitiwe na mwendeshaji na kuandikwa upya kwa lugha moja, matukio mahususi yakiondolewa, kwani katika ofisi ya watu 15 neno moja la Sheng au la Kiamu latosha kumtambulisha mwandishi wake. Majibu haya ni taarifa za watu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inayahusu. Kubalianeni kwa maandishi yanatunzwa wapi, nani anayaona na yanafutwa lini. Fomu ikiwa kwenye akaunti ya kampuni ambayo nywila yake anayo mhasibu ambaye ni shemeji wa bosi, hapo hapana siri.

Kampuni yenye watu chini ya 10 isitumie fomu kabisa. Hapo mahojiano ni bora: mtu wa nje azungumze na watu 5 hadi 8, dakika 30 hadi 40 kila mmoja, nje ya ofisi, kwa maswali manne tu. Kwenye ripoti yaingie mambo yaliyotajwa na angalau watu wawili, kila mmoja kivyake. Hata kampuni ya watu 30 au 40 ikiwa ya familia, sisi tungependelea mahojiano. Watu wa pwani husema mengi wakiulizwa kwa upole na kupewa nafasi, wala hawaandiki hata nusu yake.

Kisha kuna siku ya ripoti, na hapa ndipo madhara hutokea. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kuwapa watu maoni juu ya kazi yao. Kwa wastani maoni yalisaidia, ila katika zaidi ya thuluthi moja ya matokeo waliyoyachambua, utendaji ulishuka. Maelezo yao ni kwamba maoni hupoteza nguvu kadiri yanavyomwondoa mtu kwenye kazi na kumfanya ajifikirie nafsi yake, hadhi yake, wanamwonaje. Kwa hiyo ripoti isitumwe kwa barua pepe saa tano usiku. Isomwe pamoja na mwendeshaji kwa dakika 90, ikianza na mambo mawili yanayokwenda vizuri na kuishia kwenye mawili ya kubadilisha. Mawili, si tisa. Baada ya hapo kiongozi asiseme lolote kwa wafanyakazi kwa siku mbili tatu, maana jibu la siku ile ile huwa la kujitetea.

Akirudi kwao, maneno yasizidi dakika tano, kwa mfano: "Nimeyasoma mliyoyasema, nawashukuru. Nimechukua mawili: nawakatiza mnapozungumza, na nabadilisha mpango jioni bila kuwaambia watu wa yadi. Kuanzia Jumatatu, mpango ukishatoka saa kumi haubadiliki kabla sijampigia msimamizi wa yadi. Nikisahau, nikumbusheni." Asiulize nani alisema lipi. Asitoe mfano unaomwelekea mtu. Akimwita mmoja faraghani na kumwambia "najua ni wewe, na wala sikasiriki," tathmini imekufa, na itachukua miaka mtu amwambie kweli tena.

Matokeo yasitumike kuamua mshahara wala kupandisha cheo. Yakihusishwa na pesa mara moja tu, awamu inayofuata watu watapeana alama kwa makubaliano.

## Kocha wa ana kwa ana

Jina la kocha halilindwi na sheria kama la wakili au daktari. Yeyote anaweza kujiita. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni vyeti vya International Coaching Federation, vyenye ngazi tatu. Ya kwanza, ACC, inataka angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya ukocha. PCC ni saa 125 za mafunzo na 500 za kazi. MCC ni 200 na 2,500. Cheti hakikuhakikishii kwamba mtaelewana, lakini saa hizo zinamtenganisha aliyeifanya kazi hii na aliyehudhuria semina ya siku mbili akachapisha kadi.

Kabla ya kulipa, omba kikao cha kufahamiana cha dakika 30 na umuulize mambo haya. Atapata wapi taarifa nyingine kunihusu zaidi ya maneno yangu? Atakuja kunitazama nikifanya kazi? Tutajuaje baada ya kikao cha tatu kama inasaidia? Je, Mombasa anafanya kazi na mtu mwingine wa sekta yangu? Jina la mteja asikutajie, na akilitaja kwa kujisifu, achana naye: yako atayataja pia. Swali la kwanza ndilo zito zaidi. Kocha anayekusikiliza wewe peke yako kwa vikao kumi anafanya kazi ndani ya mipaka ya unayoyaona, na tatizo lililokuleta ni usiyoyaona. Ama alete tathmini, ama aruhusiwe kuzungumza na watu wanne au watano wanaokujua kazini.

Kumtazama mtu kazini ndicho kipande chenye faida kubwa kuliko vyote, na ni wachache wanaokiomba. Chukua mkutano wa Jumatatu asubuhi wa kampuni ya kliaringi, yaani ya kuondosha mizigo bandarini. Kocha anakaa pembeni na karatasi moja. Majina yameandikwa wima, na juu kuna safu tano: aliuliza, alijibu, alikatiza, alikatizwa, alinyamaza baada ya kukatizwa. Kila tukio mstari mmoja wa kalamu. Bosi anauliza kuhusu kontena mbili zilizokwama na demereji, yaani ada ya kuzichelewesha: "Mwaonaje, tulipe demereji leo au tungoje jibu la kampuni ya meli?" Sekunde mbili zinapita. Karani wa nyaraka ameshainua kichwa, midomo inafunguka. Bosi anajibu swali lake mwenyewe, na karani anarudisha macho kwenye faili. Mstari mmoja kwenye safu ya mwisho.

Baada ya mkutano bosi atasema kwa dhati kabisa, "Mimi huwauliza kila mara." Ni kweli, na karatasi inaonyesha aliuliza mara nyingi kuliko wote. Asichokijua ni kwamba hangoji. Zoezi linalotoka hapo ni dogo: baada ya kila swali, ahesabu moyoni hadi nane kabla ya kufungua kinywa, kwa wiki mbili, kisha kocha aje na karatasi nyingine. Nane ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kwenye tatu tayari utaona joto. Watu wakishazoea kwamba kimya hicho ni chao, hukijaza.

Zoezi jingine la kuaminika lilitokana na kazi ya Chris Argyris na Donald Schön. Kunja karatasi katikati. Upande wa kulia andika mazungumzo magumu uliyoyafanya wiki hii, neno kwa neno uwezavyo, nusu ukurasa tu. Upande wa kushoto, mbele ya kila mstari, andika ulilolifikiri na hukulisema. Kwa viongozi wa huku upande wa kushoto hujaa haraka. Kulia pana "sawa, hamna neno, tutaona," kushoto pana "huyu ananidanganya mara ya tatu." Kocha mzuri hatakwambia umwage yote ya kushoto. Atakuuliza ni sentensi gani moja ya kushoto ingeweza kusemwa kwa adabu siku ile, na ingesemwaje. Mtajaribu kuitamka hapo hapo, mara tatu nne, mpaka itoke kinywani bila kukwama.

Mpango wa kawaida ni kikao cha dakika 60 hadi 90 kila wiki mbili au tatu. Wiki moja ni karibu mno, hujapata nafasi ya kujaribu kitu. Mwezi ni mbali, unasahau. Kila kikao kitoke na jaribio moja lenye siku, mahali na mtu. "Nitakuwa msikivu zaidi" si jaribio. "Alhamisi nitamuuliza meneja wa ghala ni uamuzi wangu upi wa mwezi huu uliompa taabu, na nitaandika jibu lake bila kulijibu" ni jaribio.

Mahali pa kukutania pafikirieni. Mombasa ni mji wa watu kujuana, na mkahawa wa Nyali saa sita mchana ni kama kukutana barabarani. Matembezi ya Mama Ngina baada ya alasiri hupendeza kwa mazungumzo mepesi, ila kila hatua kumi mtasimama kusalimiana; siku ya kuzungumzia ndugu wanaogombania hisa, tafuteni chumba. Kwa mtandao pia inafaa, maadamu hauko kwenye gari na dereva wako mbele.

Kampuni au familia ikilipa, mkataba uwe wa pande tatu na useme wazi wanaolipa wataarifiwa nini: malengo na mahudhurio tu, yaliyozungumzwa hapana. Andikeni pia haki ya kusitisha baada ya kikao cha tatu na marejesho ya vikao visivyotumika. Daini ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), kwani tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo KRA huyakataa unapokokotoa kodi ya mapato.

Na kama kinachokusumbua ni usingizi uliopotea kwa wiki nyingi, msiba usioisha moyoni, au kinywaji, kocha si mtu wako. Muone mshauri nasaha au daktari. Kocha mwaminifu atakwambia hivyo mwenyewe.

## Kikundi cha viongozi wenza

Watu 6 hadi 9 wanaoongoza biashara tofauti, mara moja kwa mwezi, saa tatu. Mwenye hoteli, mwenye malori, mkuu wa shule ya kibinafsi, mwenye duka la dawa, mtu wa ghala la chai, muuza vifaa vya ujenzi. Masharti ya kuingia yawe mawili yasiyo na msamaha: wasiwe washindani, na wasiwe wanadaiana. Mwenye malori anayemdai mwenye ghala hatamuuliza swali gumu, na mwenye ghala hatasema mbele yake kwamba fedha zimebana. Mashemeji kwenye kikundi kimoja pia hapana.

Kila mara mtu mmoja anawekwa kati. Dakika 10 anaeleza jambo lake. Dakika 25 wengine wanauliza maswali tu, na mwenyekiti anamkatiza yeyote anayeanza na "mimi ningekuwa wewe." Dakika 20 wanajadili jambo lake kana kwamba hayupo, naye amenyamaza akiandika. Dakika 10 za mwisho anasema atafanya nini na lini. Mwezi unaofuata anaanza kwa kusema kama alifanya.

Hicho kipande cha maswali bila ushauri ndicho kigumu na ndicho chenye mali. Barazani tumezoea kushauri, tena kwa wema. Lakini swali kama "umesema wateja wako hawatakubali bei mpya, wangapi umewauliza?" linafika mahali ambapo ushauri haufiki. Ndani ya kampuni hakuna wa kuliuliza, kwa sababu wote walifundishwa biashara na mtu mmoja.

Vikundi hivi hufa kwa njia zinazojulikana. Hugeuka chama cha kukopeshana, au soko la kupeana tenda. Au mwenye biashara kubwa kuliko wote huanza kuhutubia. Au watu huleta matatizo yaliyokwisha kutatuliwa, wapate kusifiwa. Mficha uchi hazai: asiyeleta jambo bichi kwa miezi mitatu mfululizo, mwenyekiti azungumze naye pembeni, na asipobadilika aache nafasi.

## Mlezi na mtu wa ndani

Mzee wa biashara aliyekutangulia ni hazina kwa mambo ya kazi: nani wa kuonana naye, msimu upi wa kununua, mkataba upi una mtego. Kwa kuyaona usiyoyaona hafai sana. Mara nyingi alikulea yeye, na yaliyo kisogoni kwako ni yale yale yaliyo kisogoni kwake. Tena alijenga biashara katika Mombasa nyingine, kabla ya treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kuanza mwaka 2017 na mizigo mingi kwenda kuondoshewa Nairobi, kabla ya agizo la 2022 la kuirudisha kazi hiyo bandarini. Msikilize kwa heshima, kisha uyapime.

Mtu wa ndani ndiyo njia isiyogharimu chochote. Mchague mmoja ambaye hana haja na cheo chako, mpe dakika 15 kila wiki na swali lisilobadilika: "Wiki hii nimefanya nini kilichokufanya uone afadhali unyamaze?" Sharti ni moja: aseme aliyoyaona kwako wewe, kamwe asilete habari za wenzake. Siku atakapoleta ya wenzake na wewe ukayasikiliza, wengine watamjua kwa jicho, na utakuwa umejitengenezea mpelelezi.

## Kuchagua kwa dalili

Watu wazuri wawili au zaidi wameondoka ndani ya mwaka mmoja kwa sababu za kistaarabu, kumuuguza mama, kurudi shule: anza na tathmini kwa njia ya mahojiano, na uwahoji hata walioondoka. Mikutano yako ni mifupi, kila mtu anakubali, kisha utekelezaji unakwama: kocha, na aje kukutazama. Umeambiwa jambo moja na watu watatu wasiojuana na bado unalirudia: kocha, bila tathmini. Faida inashuka na ndani ya kampuni kila mtu ana maelezo yale yale: kikundi cha wenza.

Ukiweza kufanya mbili, tathmini itangulie kocha kwa wiki nne hivi, na kocha aanze na ripoti mkononi. Huo ndio mpangilio tunaoupendekeza kwa wengi, hata kama itabidi upunguze vikao kutoka 10 hadi 6 ili fedha zitoshe. Kikundi kifuate baadaye, ukiwa umeshazoea kuulizwa.

Tazama pia kalenda. Wenye hoteli wasifungue tathmini Desemba wala Agosti. Mei na Juni watu wana nafasi na wanakumbuka msimu uliopita. Wa chai waepuke siku za mnada. Mwezi wa Ramadhani vikao viwe vya asubuhi na visizidi dakika 45, na kumi la mwisho msiweke kitu.

Na ikiwa mishahara ya miezi miwili haijalipwa, usiianze njia yoyote kati ya hizi sasa. Watu watakaohojiwa watasema mishahara, kwa haki yao, na hakuna jingine litakalosikika. Lipa kwanza, hata kwa awamu zilizoandikwa na kutiwa sahihi, subiri miezi mitatu, ndipo uulize.